Majumba ya Sinema ya Zanzibar Yamefungwa, Maneno Yake Yangali Nasi

Mwanafunzi akiandika katika insha yake kwamba "Kinjeketile ndiye staringi wa tamthilia", mwalimu hulipigia neno hilo mstari mwekundu na kuandika pembeni: mhusika mkuu. Masahihisho hayo ni ya haki, kwa kuwa uhakiki una istilahi zake. Lakini ni wachache kati yetu wanaoendelea hatua moja zaidi na kumweleza mwanafunzi neno staringi limetoka wapi, na kwa nini msemaji wa Dar es Salaam au Mombasa hulitumia bila hata kufikiri. Huku Uganda, ambako wengi wetu tulikipata Kiswahili darasani wala si jikoni kwa mama, maneno ya aina hii hutujia yakiwa yatima. Tunayasikia redioni, tunayaona magazetini, hatuijui nyumba yalikozaliwa.

Makala haya yanakusudia kuieleza nyumba hiyo. Nayo ni jumba la sinema la pwani, ambalo kwa sasa limebaki katika kumbukumbu za wazee na katika semi ambazo vijana huzitumia bila kujua asili yake. Nitatumia mfano wa Zanzibar, kwa sababu hapo habari zake zimechunguzwa vizuri kuliko mahali pengine pengi. Mwanahistoria Laura Fair wa Marekani aliwahoji watazamaji wengi wa Unguja na wa Bara, na mwaka 2018 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hili, Reel Pleasures. Yeye aliandika kama mwanahistoria. Sisi walimu wa lugha tuna swali letu: watu hawa walisema nini walipotoka ndani?

Majumba matatu ya mji mmoja

Mji Mkongwe wa Unguja ni mdogo, mtu huuvuka kwa miguu kabla hajachoka. Hata hivyo katika miaka ya 1950 ulikuwa na majumba matatu ya sinema: Empire, Majestic na Sultana. Majestic liko Vuga. Mahali pake palikuwa na jumba la zamani zaidi lililoitwa Royal, lililojengwa mnamo 1921 kwa ramani ya John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyesanifu majengo mengi ya serikali mjini humo. Royal liliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950, likajengwa upya, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1955. Sultana lilikuwa Malindi, karibu na bandari, upande ambao upepo wa bahari huingia mjini pamoja na harufu ya majahazi na samaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Sultana lilibadilishwa jina likawa Cine Afrique. Jina la sultani lisingeweza kubaki mlangoni.

Picha zilitoka kila upande. Za Marekani zilikuwepo, na baadaye za makauboi wa Italia. Za Misri zilikuwepo, za akina Umm Kulthum na Farid al-Atrash, na mji uliokuwa na watu wa asili ya Uarabuni haukuhitaji kushawishiwa kuzitazama. Miaka ya 1970 ikaja na Bruce Lee na picha za Hong Kong. Lakini zilizotawala mioyo ni za Kihindi. Awaara ya mwaka 1951, ya Raj Kapoor na Nargis, na Mother India ya mwaka 1957, ndizo majina ambayo mzee wa Unguja hukutajia kabla hujamaliza swali lako. Siku kubwa ilikuwa Jumapili. Watu walivaa, wakajitia manukato, wakatoka familia kwa familia, jioni nzima ikaishia kwenye matembezi ya kupunga upepo. Kulikuwa pia na maonyesho ya wanawake peke yao, na hilo lilikuwa jambo kubwa katika jamii ambayo mwanamke hakutoka ovyo: mama aliyevaa buibui angeweza kwenda na mashoga zake, akalia machozi gizani kwa ajili ya Nargis, na hakuna mume wa mtu aliyemwona.

Picha mpya ikifika, tiketi huwa adimu, na hapo ndipo walanguzi walipojipatia riziki. Kulangua ni kununua kitu kwa wingi ili ukiuze kwa bei ya juu wakati wa uhaba. Kwa Mtanzania aliyekuwa mtu mzima miaka ya 1980 neno mlanguzi linaleta picha ya sukari na sabuni zilizofichwa. Kumbe mbele ya mlango wa sinema mlanguzi alikwisha kuwepo zamani, na tena hakuchukiwa sana, kwa maana wakati mwingine yeye ndiye aliyekuokoa usirudi nyumbani na mchumba wako mikono mitupu. Wazee husimulia pia juu ya vijana waliobeba mikanda kwa baiskeli. Nakala ya picha ikiwa moja na majumba ya kuionyesha ni mawili, kipande cha kwanza kikimalizika hapa hukimbizwa kule, na watazamaji wa kule hungoja wakipiga miluzi.

Picha isiyoeleweka ikaeleweka

Sasa tufike kwenye lugha. Watazamaji wengi wa Kiswahili hawakujua Kihindi, na Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha. Waliielewaje picha ya saa tatu? Sehemu ya jibu ni kwamba visa vilifanana na vyao: mama mkwe mkali, mapenzi yanayopingwa na wazazi, mtoto aliyepotea akarudi mtu mzima. Sehemu nyingine ni majirani Wahindi waliotafsiri kidogo. Lakini sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba picha haikumalizika ukumbini. Ilimalizika barazani, siku ya pili, mtu mmoja aliyekwenda alipowasimulia watano waliokosa tiketi. Picha ikapita katika Kiswahili, na huko ndiko ilikopata maana.

Kusimulia picha ni fani, ingawa hatujaiweka katika mihutasari yetu pamoja na ngano na vitendawili. Ina taratibu zake. Hapa chini nimetunga mfano kwa kufuata namna ya usemaji wa pwani, nikitumia kisa cha Awaara:

"Picha linaanza, yule jaji anamfukuza mkewe usiku, mvua inanyesha mtindo mmoja. Mama wa watu mjamzito, hana pa kwenda. Akajifungua njiani. Mtoto akakua katika dhiki, jambazi akamchukua, akamfunza wizi. Haya. Mara akakutana na yule msichana waliyesoma naye utotoni, kumbe analelewa na nani? Na jaji yule yule!"

Mwalimu wa sarufi ana mengi ya kuchukua hapa. Vitabu vyetu hufundisha kwamba kiambishi -ka- cha masimulizi hutanguliwa na -li-: alikwenda, akaona, akarudi. Msimuliaji huyu ameanza na -na-, kwa sababu picha ipo mbele ya macho yake, inamchezea hapo hapo, kisha akateremka kwenye mfululizo wa -ka- bila kupitia -li-. Si kosa. Ni kusimulia kwa mtu anayeona. "Mama wa watu" haina maana ya mama mwenye watu, ni namna ya kuonea huruma, na mwanafunzi wangu wa Mbale au Gulu hawezi kuijua kwa kuangalia neno moja moja. "Haya" inafanya kazi ya kukata tukio, kama vile ukumbini mkanda unavyobadilishwa. "Mara" na "kumbe" ndizo bawaba za kisa kizima. Na lile swali, "analelewa na nani?", halimngoji msikilizaji ajibu. Linamvuta tu asogee karibu.

Nikiri upendeleo wangu: naona kipande kifupi cha namna hii kinafundisha njeo za masimulizi vizuri zaidi kuliko zoezi la kujaza nafasi kumi zilizoachwa wazi.

Maneno yaliyotoka ukumbini

Tuanze na picha. Katika Kiswahili sanifu picha ni nomino ya ngeli ya I-ZI: picha hii, picha hizi, picha nzuri imepotea. Lakini katika mazungumzo ya Tanzania, picha ya sinema mara nyingi huhamia ngeli ya LI-YA: picha lile, picha la Kihindi, mapicha ya Bruce Lee. Msemaji yule yule atasema "picha yangu ya pasipoti" na "picha la jana usiku" katika pumzi moja. Upatanisho wa kisarufi umepewa kazi ya kutofautisha maana mbili za neno moja, na pia umebeba ule ukubwa tunaoujua katika nomino za ukuzaji. Si kila msemaji hufanya hivyo, na katika maandishi rasmi tunabaki na I-ZI, lakini mwanafunzi akiisikia "picha la" asidhani kwamba mzawa amekosea.

Kutokana na hapo tumepata msemo wa siku hizi, "picha linaanza". Kijana anayesimulia jinsi alivyoibiwa simu ndani ya basi huanza hivyo: "Picha linaanza, napanda gari Ubungo..." Hapana sinema yoyote katika habari hiyo. Kilichobaki ni ile dakika taa zinapozimwa na watu wote wanapokaa kimya, na msimuliaji anaiomba kwa wasikilizaji wake kwa maneno mawili. Vivyo hivyo msemo "kama picha la Kihindi" hutumiwa kwa jambo lililojaa vituko na machozi kupita kiasi, harusi iliyovunjika mlangoni mwa msikiti au kanisa kwa mfano.

Neno mkanda limesafiri mbali zaidi. Asili yake ni ukanda wa ngozi au wa nguo wa kujifunga kiunoni. Filamu ilipofika, ule utepe mrefu unaozungushwa katika gurudumu ulifanana na mkanda, ukaitwa mkanda. Kaseti za video zilipoingia zikarithi jina hilo. Kisha neno likaacha kitu na kushika yaliyomo: leo mwandishi wa gazeti la Dar es Salaam huandika kwamba shahidi "alieleza mkanda mzima", yaani alisimulia tukio lote tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Mwanafunzi anayejua mkanda wa suruali tu atashangaa shahidi huyo alivua nini mbele ya polisi.

Na staringi. Katika matangazo na mwanzoni mwa picha za Kiingereza na hata za Kihindi, neno la Kiingereza lenye maana ya "anayeongoza katika uigizaji ni" liliandikwa kabla ya jina la mwigizaji mkubwa. Mtazamaji aliyeliona neno lile kila mara likikaa juu ya jina la shujaa alilichukua kuwa ndicho cheo cha shujaa mwenyewe. Kitenzi cha wenzetu kikawa nomino yetu, tena ya mtu: staringi yule, mastaringi wale, kwa mpangilio ule ule wa dereva na madereva. Tahajia haijatulia, utaona staringi, steringi na stelingi. Pamoja na neno ilikuja kanuni, kwamba staringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa baharini, lakini watazamaji walilipa wakijua kwamba atarudi. Mpinzani wake aliitwa adui, neno la kawaida kabisa ambalo ukumbini lilipata maana finyu ya mhusika mbaya. Ndiyo sababu mwanafunzi aliyekulia mitaa ya mijini akisoma riwaya ambayo mhusika mkuu anakufa katikati, huhisi kama ameibiwa. Hapo mwalimu ana mlango mzuri wa kuzungumzia tofauti ya mhusika mkuu na shujaa, badala ya kuishia kwenye mstari mwekundu.

Trela nitaitaja kwa ufupi. "Hiyo ilikuwa trela tu, picha lenyewe bado" ni kitisho kinachoeleweka pwani nzima, na hakihusiani na lile trela la lori.

Mbali na maneno, ziko nyimbo. Waimbaji wa taarabu, hasa wa Mombasa, walichukua mahadhi ya picha za Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana mno kwa mtindo huo. Wapo wanaouona kuwa ni uigaji. Mimi nasema wajaribu kwanza. Shairi la Kiswahili lina vina na mizani, mara nyingi mishororo ya mizani nane kwa nane, nayo mahadhi ya Bombay hayakutengenezwa kwa kipimo hicho. Kuingiza kimoja ndani ya kingine bila kuvunja kina wala kumkwaza mpiga tabla ni kazi ya fundi.

Jinsi majumba yalivyozima

Watu wengi hulaumu video. Ni kweli kwamba miaka ya 1980 deki za video ziliingia majumbani, na ni kweli kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara ilibidi kungoja hadi 1994. Lakini kama televisheni ndiyo iliyoua sinema, majumba ya Unguja yangalikufa muongo mmoja kabla. Sababu nyingine zilitangulia. Baada ya 1964 majumba ya Zanzibar yaliingia mikononi mwa serikali. Bara, sheria ya mwaka 1971 ya utwaaji wa majengo iliwanyang'anya wamiliki wengi majengo yao, na uingizaji wa picha ukawekwa chini ya shirika la umma, Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968. Kisha ikaja shida ya fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970. Picha hukodiwa kwa fedha za kigeni, vipuri vya mashine hununuliwa kwa fedha za kigeni. Nchi isiyo na mafuta ya kutosha haiwezi kuagiza Amitabh Bachchan. Zikabaki nakala kuukuu zilizokwaruzwa hadi mvua ikanyesha ndani ya picha za jangwani. Video ilikuta mgonjwa kitandani.

Leo hakuna hata jumba moja kati ya yale matatu linaloonyesha picha kila usiku kama zamani. Majestic lilibaki kuta na paa lililoporomoka, na jitihada za kulikarabati zimefanyika. Jijini Dar es Salaam sinema ya wazi ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambapo watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao, ilitoweka kabisa: baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi mpya ulijengwa katika kiwanja hicho na kufunguliwa mwaka 2003. Wasomaji wa Kampala hawahitaji kwenda mbali. Jumba la Norman tangu miaka ya 1980 limekuwa kanisa, na wengi wanaosali humo hawajui kwamba sakafu ile ilijengwa kwa kazi nyingine.

Ni kweli, tamasha la filamu la Zanzibar limekuwa likifanyika tangu 1998, na picha zimeonyeshwa Ngome Kongwe, hatua chache kutoka baharini. Lakini tamasha la mara moja kwa mwaka ni sherehe. Sinema ya kila Jumapili ilikuwa mazoea, na lugha hujengwa na mazoea.

Kwetu sisi wa nchi jirani, kazi ile ya kupitisha picha katika lugha ya watu haikufa, ilihama. Katika vibanda vya video vya Kampala mtafsiri huketi na kipaza sauti akiisimulia picha kwa Kiganda huku inaendelea, na Rwanda picha zilizotafsiriwa hivyo huitwa agasobanuye, kutokana na kitenzi cha kueleza. Wanafunzi wetu wanaufahamu usimulizi huo vizuri kuliko sisi. Ndiyo sababu napendekeza zoezi moja kwa walimu wanaopeleka wanafunzi pwani kwa mafunzo ya uwandani.

Mtu aliyekuwa na miaka 15 Majestic lilipofunguliwa upya alizaliwa mwaka 1940. Mwanafunzi amtafute mtu wa rika hilo, amwamkie inavyotakiwa, akae mpaka azungumzishwe, na asianze kwa kuuliza historia ya sinema Zanzibar. Akiuliza hivyo atajibiwa kama mahakamani. Aulize tu: "Bibi, picha gani uliitazama mara nyingi zaidi?" kisha akishajibiwa aseme, "Nisimulie, mimi sijaiona." Ni ombi la kweli, maana hajaiona, na msimulizi huhitaji mtu asiyejua kisa. Usimulizi uandikwe kama ulivyotamkwa. Picha lile libaki picha lile, na wala asilibadilishe kuwa picha ile kwa kuogopa msahihishaji. Palipo na wimbo wa Kihindi, aandike kwa sauti alizozisikia, maana matamshi hayo ya Kiswahili nayo ni data.

Juu ya karatasi aandike mahali, mwaka, jina la jumba ambalo picha ilitazamwa, na kama msimulizi ameridhia kurekodiwa. Nakala za usimulizi huo zikiletwa ofisi ya idara, tutazitumia katika somo la fasihi simulizi muhula ujao.